Maswali na Majibu: Programu za kuchati zikivuka kwenda Asia, hubadilika wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini nyingi zinauliza jambo moja: kwa nini programu ya kuchati au ya video inayopendwa nchi moja hukataliwa nchi ya pili, na anayetaka kuipeleka Asia aanzie wapi. Tumezijibu zile zenye swali linaloweza kuwafaa wengine pia.

Swali. Sisi ni timu ndogo ya watengenezaji wa programu. Tumepata mshirika Indonesia anayetaka programu yetu ya kuchati kwa vikundi itumike kwao. Mfasiri wa Kiindonesia tumeshampata. Baada ya tafsiri nini kinafuata?
*Msomaji, Sinza, Dar es Salaam*

Jibu. Mmeanzia katikati, ndugu zetu. Tafsiri inahitajika, lakini isubiri kwanza. Kagueni simu, mtandao na fomu ya kujisajili, kwa sababu programu nyingi hufia hapo kabla mtumiaji hajasoma neno hata moja.

Mfano unaofundisha zaidi ulitokea barani kwetu. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Facebook walikuja Afrika kujaribu programu yao kwenye simu za kawaida za Android. Ilifunguka polepole, ikajifunga yenyewe mara kwa mara, na bando la mwezi likaisha ndani ya dakika 40. Kazi ya kuipunguza ikaanza. Mwaka 2015 ikatoka Facebook Lite, faili lake la kusakinisha likiwa chini ya MB 1, na soko lililolengwa lilikuwa nchi kama India, Indonesia, Ufilipino na Bangladesh pamoja na Afrika. Mwaka huohuo wakaanzisha Jumanne za 2G: mfanyakazi aliyekubali alipunguziwa kasi ya mtandao kwa saa moja ili aone anachokiona mteja wa kijijini.

Nanyi fanyeni hivyo. Mwombeni mshirika wenu awatumie simu mbili au tatu za bei ya chini zinazouzwa kwao, zenye RAM ya GB 2 au 3. Zijazeni picha na video hadi nafasi ya kuhifadhi ikaribie kwisha, maana ndivyo simu za watu zilivyo. Kwenye kompyuta, wekeni kasi ya kiigizaji cha Android (programu inayoiga simu) iwe ya EDGE, yaani mtandao wa polepole wa 2G, kisha fungueni programu, tumeni ujumbe, tumeni picha, zimeni mtandao katikati na kuuwasha tena.

Mtaona matatizo matatu. La kwanza ni picha. Kamera ya leo hutoa picha ya MB 3 au 4. Ipunguzeni kabla haijatoka kwenye simu, upande mrefu uwe pikseli 1,280 hadi 1,600 na ubora wa JPEG uwe 70 hadi 75. Nyingi zitashuka hadi mamia machache ya KB, na kwenye skrini ndogo hakuna atakayeona tofauti. La pili ni video zinazojichezesha zenyewe. Zizimeni kabisa mtu anapotumia bando, ziruhusiwe kwenye Wi-Fi tu. La tatu ndilo linalowapata wengi bila kujua: mtandao ukikatika baada ya ujumbe kufika kwenye seva lakini kabla ya jibu kurudi, simu hutuma tena na mpokeaji hupata ujumbe mara mbili. Dawa yake ni kila ujumbe kupewa namba yake ya kipekee kwenye simu ya mtumaji, na seva itupe chochote kinachokuja na namba iliyokwisha kupokelewa.

Kisha fomu. Waindonesia wengi wana jina moja tu. Marais wao wawili wa kwanza, Sukarno na Suharto, walijulikana kwa jina moja. Fomu inayolazimisha jina la kwanza na jina la ukoo humfanya mtu aandike jina lake mara mbili au aweke nukta, na baadaye majina hayo hayapatikani mkitafuta. Wekeni sehemu moja tu, "jina kamili", isiyodai maneno mawili. Itawasaidia pia Myanmar, ambako watu hawana jina la ukoo. Barua pepe isiwe lazima. Tumieni namba ya simu na msimbo wa SMS, lakini ongezeni PIN, kwa kuwa namba iliyoachwa hurudishwa sokoni na mnunuzi mpya anaweza kuingia kwenye akaunti ya mwenzake.

Hapo sasa mwiteni mfasiri. Swali la kwanza kumuuliza ni iwapo programu itamwita mtumiaji "Anda", ambayo ni rasmi, au "kamu", ya watu waliozoeana. Chagueni moja muishike mwanzo hadi mwisho. Kuchanganya zote mbili kwenye skrini moja husomeka kama kazi iliyofanywa na mashine.

Swali. Hapa chuoni wenzangu Wachina hurushiana bahasha nyekundu za pesa kwenye WeChat, programu yao ya kuchati, na kila mtu kwenye kundi hupata kiasi tofauti. Mfumo huu unafanyaje kazi, na unaweza kuigwa kwenye makundi yetu ya nyumbani?
*Mwanafunzi Mtanzania, Guangzhou*

Jibu. Bahasha za WeChat zilianza Januari 2014, siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, msimu ambao wakubwa huwapa wadogo pesa ndani ya bahasha nyekundu. Desturi ilikuwepo tayari. Walichoongeza ni mchezo wa kundi: mtoaji anaweka jumla ya fedha na idadi ya bahasha, wanakundi wanagombania, na kila anayefungua hupata kiasi cha bahati.

Hesabu yake inavyoelezwa na wahandisi ni nyepesi. Kila anayefungua hupewa kiasi cha nasibu kati ya senti moja ya yuan na mara mbili ya wastani wa kilichobaki. Chukua yuan 100 kwa watu 10. Wastani ni 10, kwa hiyo wa kwanza anaweza kupata hadi 20. Tuseme kapata 16. Zimebaki 84 kwa watu 9, wastani ni 9.33, na wa pili hawezi kuzidi 18.66. Wa mwisho huchukua kilichobaki. Kwa njia hii wa kwanza hawezi kufagia zote, wala wa mwisho hakosi kabisa. Bahasha moja kwa kawaida haizidi yuan 200, na isiyofunguliwa ndani ya saa 24 fedha hurudi kwa mtoaji.

Kwa biashara, siri ilikuwa kwenye kutoa fedha. Kupokea kulikuwa rahisi, ila aliyetaka kuzihamishia benki alilazimika kuunganisha kadi yake. Mamilioni ya watu wakaunganisha kadi kwa furaha ya sikukuu, jambo ambalo matangazo ya kawaida yasingeliweza. Mwaka 2015 wakaingia kwenye kipindi cha mkesha wa Mwaka Mpya cha televisheni ya taifa, CCTV, na watazamaji wakatikisa simu ili kupata bahasha.

Kuiga nyumbani kuna vikwazo viwili. Kwanza ada. Bahasha hunoga kwa sababu mtu anaweza kupata kiasi kidogo mno na akacheka. Kama kila muamala una makato, kiasi kidogo huliwa na ada. Mfumo ungelazimika kuzungusha salio ndani ya pochi moja na kukata ada wakati wa kutoa tu, na hapo unahitaji leseni ya fedha za kielektroniki. Pili ni kamari. China kwenyewe makundi yaligeuza tarakimu za mwisho za bahasha kuwa mchezo wa kubeti, polisi wakaingilia. Mtu anayejenga kitu kama hiki aweke kikomo cha kiasi na cha idadi kwa siku tangu toleo la kwanza.

Nasi huku fedha za makundi kwa kawaida ni za michango: harusi, msiba, matibabu. Katika mchango watu hutaka kuona nani katoa na kiasi gani kimebaki. Bahati nasibu haina nafasi hapo. Ukitaka kujenga kitu kwa ajili ya makundi yetu, jenga daftari la mchango linalojijaza lenyewe muamala unapoingia, usinakili bahasha.

Swali. Mimi ni mchoraji, nachora wahusika kwa tableti. Nimesikia stika huuzwa LINE na wachoraji wa nchi yoyote hukubaliwa. Vipimo ni vipi, na kwa nini kazi hukataliwa?
*Dada mchoraji, Mombasa*

Jibu. Ni kweli, dada. LINE, programu ya kuchati, ilizaliwa Japani Juni 2011, miezi michache baada ya tetemeko kuu la Machi, na stika zilifuata Oktoba mwaka huo. Tangu 2014 kuna soko liitwalo LINE Creators Market ambako mchoraji binafsi hupeleka kazi yake. Wanunuzi wakubwa ni Japani, Taiwan, Thailand na Indonesia.

Vipimo vya stika za kawaida, zisizosogea: seti iwe na stika 8, 16, 24, 32 au 40. Kila picha isizidi upana wa pikseli 370 na urefu wa pikseli 320, na vipimo vyote viwe namba shufwa. Pikseli 369 hurudishwa. Faili liwe PNG yenye mandharinyuma angavu (isiyo na rangi yoyote nyuma ya mchoro), rangi za RGB, lisizidi MB 1. Acha nafasi ya kama pikseli 10 kuzunguka mchoro. Ongeza picha kuu ya 240 kwa 240 na picha ya kichupo (ile ndogo ya kuchagulia seti) ya 96 kwa 74. Ukivifunga pamoja kwenye ZIP, visizidi MB 60. Jina la seti na maelezo yake lazima yawepo kwa Kiingereza hata kama utaongeza Kijapani au Kithai. Jina herufi 40, maelezo herufi 160. Ukianza sasa, chora 16 au 24. Seti ya 8 haimtoshi mtu kwa mazungumzo ya siku nzima, na 40 huchosha mchoraji hadi za mwisho zinakuwa dhaifu.

Sababu za kukataliwa ni zilezile kila mara. Mabaki ya rangi nyeupe kando ya mchoro: hayaonekani ukiwa kwenye karatasi nyeupe, lakini kwenye gumzo lenye usuli wa buluu yanatoka kama uchafu. Weka safu ya kijivu kizito chini ya mchoro wako uyaone kabla ya kutuma. Mchoro usiosomeka: mhusika mrefu aliyesimama wima, kichwa kidogo, uso hauonekani. Mandhari na vitu visivyosema chochote kwenye mazungumzo. Matangazo ya biashara, siasa, na wahusika walioigwa kwa mtu mwingine.

Kukubaliwa si kuuza. Mnunuzi wa Japani hununua stika za kazi za kila siku: kuomba radhi kwa kuinama, pole na kazi, nimeelewa, nimechelewa kidogo, asante sana kwa lugha ya adabu ya kumwandikia mkubwa kazini. Hisia ndogondogo, za katikati. Seti yenye vicheko vikubwa na hasira kubwa tu haina matumizi kwa mtu anayemwandikia bosi wake. Thailand nako, hasa kwa watu wazima, salamu ya asubuhi ina rangi ya siku: Jumatatu njano, Jumanne waridi, Jumatano kijani, Alhamisi machungwa, Ijumaa buluu, Jumamosi zambarau, Jumapili nyekundu. Seti ya salamu saba iliyokosea rangi hizo haitumiki. Na usimchore mtu akimpapasa mkubwa kichwani wala akionyesha nyayo. Kwa Wathai ni utovu wa heshima.

Mapato: baada ya maduka ya simu kukata asilimia 30, mchoraji hupata takriban asilimia 35 ya bei. Nje ya Japani malipo hupitia PayPal, kwa hiyo thibitisha kwamba akaunti yako inaruhusiwa kupokea fedha na si kutuma tu.

Usiitupe kazi hiyohiyo kwa soko la nyumbani. WhatsApp hupokea stika tangu 2018: pikseli 512 kwa 512, aina ya WebP, kila moja isizidi KB 100, pakiti ya stika 3 hadi 30. Chora kila kitu kwa ukubwa wa pikseli 1,500 hivi, kisha punguza kwa kila soko. Aliyechora moja kwa moja kwa 370 huishia na kingo zenye vumbi akikuza.

Swali. Nimefasiri skrini za programu kwa Kiswahili, na sasa kampuni ileile inaandaa Kithai, Kihindi na Kiurdu. Wahandisi wanalalamika maandishi "yanavunjika". Tatizo ni mfasiri au mashine?
*Mfasiri, Zanzibar*

Jibu. Karibu kila mara ni muundo wa programu, na mfasiri hulaumiwa bure.

Chukua kwanza lile unalolijua. Mhandisi huandika sentensi kwa vipande: jina, kisha "amependa", kisha kitu, kisha "yako". Kwa Kiswahili "picha yako" inakubali, "wimbo yako" haikubali, na "maoni yako" imepona kwa bahati tu. Kihindi kina mgogoro wa aina hiyo kwa sababu kitenzi hufuata jinsia ya kitu kilichopendwa. Dawa ni moja: kila kitu kiwe na sentensi yake kamili. Sentensi ya picha peke yake, ya video peke yake, ya wimbo peke yake. Faili linakuwa refu, lakini ndiyo njia pekee. Idadi nayo izingatiwe: Kiarabu kina maumbo 6 ya wingi, Kiswahili 2, Kithai na Kijapani 1. Mwombe mhandisi atumie kanuni za CLDR, hifadhi huria ya kanuni za lugha za dunia, badala ya "kama ni zaidi ya 1".

Kithai huandikwa bila nafasi kati ya maneno. Mashine isiyo na kamusi hukata mstari popote, hata katikati ya neno, na msomaji hupotea. ICU, maktaba ya msimbo wa kushughulikia lugha, ina kamusi hiyo. Itumike kwa kukata mistari na kwa kutafuta pia. Alama za toni hukaa juu ya irabu ambazo nazo ziko juu ya konsonanti, hivyo kitufe kilichopimwa kwa herufi za Kilatini hukata vichwa vya maneno. Kimo cha mstari, kutoka juu hadi chini, kiwe mara 1.5 ya ukubwa wa herufi au zaidi. Halafu kalenda: Thailand huhesabu miaka ya Kibudha, 543 mbele ya yetu, hivyo 2024 ni 2567. Mtumiaji akichagua mwaka wa kuzaliwa 2540 na programu ikauhifadhi hivyohivyo, umri wake unakuwa hasi na akaunti inafungwa kwa kuwa "mtoto". Hifadhi tarehe ya Gregori ndani, onyesha ya kwao nje.

Kihindi huunganisha konsonanti kuwa umbo moja. Programu inayofupisha jina kwa kuhesabu alama za msimbo hupasua umbo hilo katikati na kuacha alama isiyosomeka. Hesabu na kukata vifanywe kwa herufi kama jicho linavyoziona.

Kiurdu huandikwa kulia kwenda kushoto, na wasomaji wa Pakistan hupendelea mwandiko wa Nastaliq unaoshuka kwa mshazari. Mwandiko huo unahitaji kimo cha mstari kikubwa kuliko hata Kithai. Skrini nzima igeuzwe: mshale wa kurudi uelekee kulia, picha ya mtumaji ihame upande. Lakini kitufe cha kucheza video hakigeuzwi, wala namba za simu. Kosa linaloonekana zaidi ni alama ya kujumlisha ya +92 kuruka hadi mwisho wa namba. Hutatuliwa kwa kuizungushia namba alama zisizoonekana za Unicode (mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta) zinazoutenga mwelekeo wake. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaosoma programu kwa Kiarabu wameliona hilo mara nyingi kwenye +968 na +971.

Kabla ya kutafsiri lugha yoyote, waombe wahandisi wakupe toleo la majaribio ambamo kila neno limerefushwa kwa theluthi moja na kuwekewa alama juu na chini ya herufi. Sehemu zitakazokatika hapo ndizo zitakazokatika kwa lugha halisi.

Swali. Kwa nini Wakambodia hutumiana sauti kuliko kuandika?
*Msomaji, Kampala*

Jibu. Kwa sababu ya kibodi. Maandishi ya Kikhmer yana herufi na alama zaidi ya 70, hivyo kwenye simu zinagawanywa katika tabaka mbili na kuchapa neno moja huchukua muda. Kutuma sauti ni haraka, na mzee asiyezoea kuchapa haachwi nyuma. Takwimu za ndani za Facebook zilizotoka nje zilionyesha kwamba mwaka 2018 karibu nusu ya ujumbe wote wa sauti kwenye Messenger duniani ulitoka Kambodia, nchi iliyokuwa na watu milioni 16 hivi. Anayelenga soko hilo akiweke kitufe cha kurekodi mahali kidole gumba kinapofika, aruhusu kusikiliza kwa sikio bila spika, na sauti iendelee mtu akitoka kwenye gumzo. Duka linalopokea oda huko lihesabu kwamba oda zitakuja kwa sauti, na mtu wa kuzisikiliza lazima awepo.

Swali. Binti yangu anasema Facebook ya India iliwahi kuwa na ngao ya picha ya wasifu. Ilikuwa ya nini?
*Mama msomaji, Nakuru*

Jibu. Ilianza Juni 2017. Utafiti uliofanywa na mashirika ya India ulionyesha kuwa wanawake wengi hawakuweka nyuso zao kwa hofu ya picha kuchukuliwa na kutumiwa vibaya. Aliyewasha ngao alipata pambo la buluu pembeni ya picha. Wengine hawakuweza kuipakua wala kuisambaza, wasio marafiki hawakuweza kumtag mtu yeyote ndani yake, hata wao wenyewe, na kwenye Android skrinshoti ilizuiwa pale ilipowezekana. Haikumzuia mtu kuipiga picha skrini kwa simu nyingine, na hilo mwambie binti yako waziwazi. Hata hivyo mwizi wa haraka, ambaye ndiye wa kawaida, aliwekewa kikwazo.

Swali. Nauza nguo mubashara mtandaoni kila Jumamosi. Watu huandika "nataka" halafu sijui nani kawahi. Wauzaji wa Asia hufanyaje?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Jibu. Thailand wamelizoea sana hilo. Kila nguo hupewa namba, muuzaji huitaja na kuionyesha kwenye kadi, na mnunuzi huandika herufi CF, yaani nathibitisha, pamoja na namba: CF12. Programu ya pembeni husoma maoni, hupunguza stoo, na kumtumia mnunuzi ujumbe wa faragha wenye jumla na muda wa kulipa. Muda ukipita, nguo inaenda kwa anayefuata.

Wewe anza na kadi za namba na neno moja fupi lisilotumika kwingine. Usiamue nani kawahi kwa kuangalia skrini yako, kwa sababu matangazo mubashara huchelewa sekunde kadhaa na kila simu huchelewa kivyake. Fungua orodha ya maoni baadaye ufuate mpangilio wake. Kama unaruhusu kulipa mzigo ukifika, jambo la kawaida pia Vietnam na Indonesia, dai nauli kwanza. Asiyelipa hata nauli ndiye atakayemkataa bodaboda mlangoni.

Na usiweke biashara yote kwenye programu moja. Septemba 2023 Indonesia ilitoa kanuni inayotenganisha mitandao ya kijamii na maduka, na TikTok Shop ikafungwa huko tarehe 4 Oktoba. Ilirudi Desemba 12 kupitia Tokopedia, duka la mtandaoni la huko, baada ya TikTok kukubaliana kununua zaidi ya asilimia 75 ya kampuni hiyo. India ilikuwa kali zaidi: Juni 29, 2020 ilizuia programu 59 za Kichina, TikTok ikiwemo, na waliouza humo wakaamka bila wateja. Weka namba za wateja wako kwenye daftari lako mwenyewe, kwa ridhaa yao.

Swali. Huku uvumi hupita kwenye makundi kuliko habari za kweli. Je, kuna nchi ya Asia ambako programu ilibadilishwa kwa ajili hiyo? Na kwa nini nyingine hushindwa kabisa?
*Msomaji, Goma*

Jibu. Ndiyo, ndugu, na badiliko hilo limefika hadi kwenye simu yako. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi yenye hasira baada ya uvumi wa wateka watoto kusambaa WhatsApp. Julai mwaka huo WhatsApp ilipunguza kufowadi kwa India hadi gumzo 5 kwa mara moja, ikaondoa pia kitufe cha haraka kando ya picha na video. Januari 2019 kikomo cha 5 kikawa cha dunia nzima, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa gumzo 1 tu.

Myanmar ndiko kulikoharibika zaidi, na kila anayepeleka programu katika nchi ngeni anapaswa kukujua. Facebook ilienea huko kwa kasi, lakini kwa mujibu wa Reuters, mwanzoni mwa 2015 walikuwepo watu 2 tu wanaosoma Kiburma katika kukagua machapisho. Juu ya hayo, simu nyingi zilitumia mfumo wa herufi wa Zawgyi badala ya Unicode: alama zilezile za msimbo, maana tofauti, hivyo mashine haikuweza kusoma vizuri mengi ya yaliyoandikwa. Chuki dhidi ya Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache huko, ikasambaa, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa mwaka 2018 wakaitaja Facebook waziwazi. Mwisho wa mwaka huo wakaguzi walikuwa wamefika kama 100. Nchi yenyewe ilihamia Unicode rasmi Oktoba 1, 2019. Kuchelewa huko kulilipwa na watu wasio na hatia, na hatuoni udhuru wake.

Kushindwa kibiashara ni jambo jepesi kulieleza. Hike ya India ilianza Desemba 2012, ikawa na stika za lugha nyingi za kwao, gumzo la siri la kujificha na familia, hata kuchati bila intaneti kwa walio karibu. Ilifungwa Januari 2021. LINE nayo ilijitangaza India 2013 kwa nyota wa sinema bila mafanikio ya kudumu. Wote walikuta jamaa za watu tayari wako WhatsApp, na stika nzuri haitumwi kwa mtu asiyekuwepo.

Kwa anayeingia nchi mpya, kabla ya kufungua usajili tungetaka kuona haya: wakaguzi wanaosoma kila lugha kubwa ya nchi hiyo, angalau wawili kwa zamu ili mmoja asiamue peke yake, kitufe cha kuripoti na kanuni zote kwa lugha hizo, orodha ya matusi na misimu inayosasishwa kila wiki na watu wanaoishi huko, kitambuzi cha mfumo wa herufi (kwa Kiburma ipo maktaba huria ya Google iitwayo myanmar-tools), na kikomo cha kufowadi kinachoweza kubadilishwa kwa nchi moja kutoka kwenye seva, bila kusubiri watu wapakue toleo jipya.